Uhalisia na Gharama ya Utayarishaji katika Bunilizi za Kisayansi: Mfano wa Star Trek na Star Wars

Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliandika insha kuhusu chombo cha angani kilichotua katika uwanja wa shule usiku wa kuamkia mitihani. Waliotoka ndani yake walikuwa viumbe wasio na vinywa. Waliwasiliana kwa kugusana vidole. Nilichukua kalamu ya wino mwekundu nikaandika pambizoni: "Hakuna uhalisia." Kisha nikampunguzia alama. Kesho yake alikuja hadi mlango wa chumba cha walimu, akasimama kwa adabu, akaniuliza: "Mwalimu, juma lililopita ulitufunza ngano ya zimwi aliyemeza kijiji kizima. Mbona hukusema haina uhalisia?" Nilimwambia arudi darasani. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile. Nimechagua kulijibu kwa kulinganisha misururu miwili ya filamu ambayo wanafunzi wetu wanaijua kuliko wanavyozijua tamthilia tunazowafunza, yaani Star Trek na Star Wars. Sababu ni moja. Vijana wetu wamejijengea kipimo chao cha uhakiki kutokana na filamu za aina hii: kazi iliyogharimu fedha nyingi huitwa "ya kweli", na iliyotengenezwa kwa senti chache huitwa "ya uongo". Kipimo hicho hawakiachi sebuleni. Huja nacho darasani na kukitumia kuhukumu riwaya zetu, tamthilia zetu na ngano za nyanya zao. Nasi walimu, badala ya kukirekebisha, aghalabu tunakiunga mkono bila kujua.

Dhana ya uhalisia

Tukimwuliza mtahiniwa maana ya uhalisia, atajibu: "Ni kusawiri maisha jinsi yalivyo." Jibu hili si baya, lakini ni nusu ya jibu. Linaeleza tapo la uhalisia, lile lililoshamiri Ulaya katika karne ya 19 kwa kazi za akina Balzac na Flaubert huko Ufaransa na Tolstoy huko Urusi. Halielezi kwa nini msomaji humsadiki Sungura anayemhadaa Fisi, ilhali hajawahi kumwona sungura akisema.

Hapana budi basi tutofautishe mambo matatu. Kwanza kuna uhalisia wa kisayansi: je, jambo linalosimuliwa linaafikiana na kanuni za maumbile tunazozijua? Pili kuna uhalisia wa ndani: je, kazi inazitii kanuni ilizojiwekea yenyewe? Tatu kuna uhalisia wa kibinadamu: je, wahusika wanapenda, wanaogopa na wanadanganya kama watu wanavyofanya? Ubora wa utayarishaji, yaani maleba, mapambo, sauti na picha, haumo katika orodha hii. Huo ni mtumishi wa hayo matatu. Mtumishi hodari humsaidia bwana wake, lakini hawezi kuishi kwa niaba yake.

Star Trek: umaskini wa mapambo, utajiri wa wazo

Star Trek, iliyobuniwa na Gene Roddenberry, ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na kukoma mwaka wa 1969 baada ya vipindi 79. Ilikuwa kazi ya bajeti finyu. Milango ya chombo cha Enterprise, iliyoonekana kufunguka yenyewe, ilivutwa na wafanyakazi waliojificha nyuma ya ukuta. Vifaa vya upasuaji vya Daktari McCoy vilitokana na vikebe vya chumvi! Vikebe hivyo vilinunuliwa vitumike mezani katika kipindi kimoja, lakini ikaonekana kwamba vilikuwa vya mtindo wa ajabu mno na mtazamaji asingetambua kuwa ni vya chumvi. Vikapandishwa cheo vikawa vya hospitali.

Hata ule mtambo mashuhuri wa kumyeyusha mtu hapa na kumuunda upya kule ulizaliwa na ufukara. Kukionyesha chombo kizima kikitua katika sayari mpya kila juma kungegharimu fedha ambazo hazikuwapo. Wakabuni njia ya kuwafikisha wahusika bila kutua. Kisayansi, mtambo huo ni kichekesho. Hata hivyo, mara tu ulipokubaliwa, uliwekewa masharti: una masafa yake, unaweza kuharibika, na hufika wakati hautumiki hata kama rafiki yako yuko hatarini. Masharti hayo ndiyo yaliyozaa taharuki katika vipindi vingi. Huu ndio uhalisia wa ndani. Mtazamaji hakuuliza tena kama jambo hilo linawezekana. Aliuliza: "Watawahi?"

Upande wa uhalisia wa kibinadamu, tumtazame Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake lilitokana na neno letu "uhuru", miaka mitatu tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa. Nichols mwenyewe alisimulia kwamba alitaka kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, akakutana na Martin Luther King aliyemsihi abaki. King aliona nini katika kipindi kile cha mapambo ya mbao na vikebe vya chumvi? Aliona mwanamke mweusi akiwa afisa miongoni mwa maafisa, jambo ambalo Mmarekani mweusi wa 1966 alikuwa nadra kuliona katika skrini. Maisha hayakuwa hivyo wakati ule. Kwa maana finyu ya "maisha jinsi yalivyo", Uhura hakuwa halisi. Hata hivyo, kuanzia 1977 Nichols alishirikiana na NASA kuwahamasisha wanawake na watu weusi wajiunge na safari za angani. Mwaka wa 1992 Mae Jemison akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, na mwaka uliofuata akaigiza katika kipindi kimoja cha msururu uo huo. Uongo wa jana ulikuwa umekuwa kweli ya leo.

Star Wars: uzuri wa uchakavu

Star Wars ya George Lucas ilitolewa tarehe 25 Mei 1977 kwa gharama ya takriban dola milioni 11. Lucas alianzisha kampuni ya Industrial Light & Magic mwaka wa 1975 kwa ajili ya picha zake, na hapa sharti tumpe haki yake, kwa sababu ufundi wa filamu ile ulikuwa wa kiwango kipya. Lakini kilichowashangaza watazamaji hakikuwa ung'avu. Kilikuwa uchafu. Vyombo vya angani vya filamu nyingi zilizotangulia vilimetameta kama sahani zilizosuguliwa kwa jivu. Vya Lucas vilikuwa na kutu, mikwaruzo na madoa ya mafuta. Mafundi walichukua vipande vya vifaru na ndege za plastiki, vile vya kuunganishwa na watoto, wakavibandika juu ya mifano ya vyombo ili vionekane vimetengenezwa na kukarabatiwa mara nyingi. Mtazamaji aliviona akasadiki kwamba vilikuwapo kabla ya filamu kuanza na vingekuwapo baada ya kwisha. Mwalimu anayefunza mandhari hana mfano bora kuliko huu: mandhari yenye historia huaminika.

Sauti nazo zilifanya kazi ya usawiri wa wahusika. Fundi wa sauti, Ben Burtt, alirekodi pumzi za Darth Vader kwa kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Kabla hatujaambiwa lolote kumhusu, pumzi zile zinatueleza kwamba ndani ya chuma kile mna mtu mgonjwa. Milio ya ndege za vita za adui iliundwa kwa kuchanganya kilio cha tembo na sauti ya gari linalopita juu ya lami yenye maji. Mwanafizikia atalalamika kwamba angani hakuna hewa, kwa hivyo hakuna mlio. Atalalamika pia kwamba Han Solo anaitaja parseki kana kwamba ni kipimo cha wakati, ilhali ni kipimo cha masafa, takriban miaka-mwanga 3.26. Ana haki kwa yote mawili. Walakini kasoro hizo hazikuibomoa kazi, kwa sababu Star Wars haikuwahi kumwahidi mtazamaji somo la fizikia. Ilimwahidi ngano.

Fedha zilipoongezeka

Sasa tufike kwenye ushahidi ulio mzito zaidi. Mwaka wa 1997 Lucas aliitoa tena filamu yake ikiwa imeongezewa picha za kompyuta. Picha zilikuwa safi kuliko za 1977. Lakini badiliko moja dogo lilizua malalamiko yasiyokwisha. Katika filamu ya awali Han Solo, mfanyamagendo anayedaiwa, anakabiliwa mezani na Greedo, aliyetumwa kumkamata. Solo anamfyatulia risasi kwa siri chini ya meza. Katika toleo la 1997 ni Greedo anayefyatua kwanza, akamkosa mtu aliyekaa mbele yake, ndipo Solo akajibu.

Kwa nini watazamaji walikasirika? Hawakukasirishwa na ubora wa picha. Walikasirishwa na kuharibiwa kwa mhusika. Solo wa 1977 ni mtu anayejali ngozi yake na mfuko wake. Ndiyo maana anaporudi mwishoni kumwokoa Luke tunashtuka na kufurahi, maana mhusika amekua. Solo aliyetakaswa mapema hana pa kukulia. Isitoshe, filamu ya 1999 ilijaribu kueleza ile Nguvu ya ajabu ya mashujaa hao kuwa inahusiana na viumbe vidogo vilivyomo katika damu. Maelezo yalionekana ya kisayansi zaidi, lakini watazamaji wengi waliona kwamba imani iliyokuwa ndani ya hadithi imegeuzwa kipimo cha maabara. Katika hali zote mbili fedha na sayansi ziliongezeka na uhalisia ukapungua.

Linganisha na Star Trek ya kwanza, ambayo nayo ilisafishwa kwa picha za kompyuta kuanzia mwaka wa 2006. Sayari zilichorwa upya na chombo kikang'arishwa, lakini maneno na matendo ya wahusika yaliachwa yalivyo. Kazi haikuumia. Mtumishi alibadilishwa nguo, bwana akabaki yule yule.

Lugha zetu katika vinywa vya nyota

Liko jambo moja linalotuhusu sisi walimu wa lugha kuliko wahakiki wa Marekani. Misururu yote miwili ilikopa lugha za Afrika Mashariki.

Katika kipindi cha Star Trek kilichoonyeshwa siku ile ya kwanza ya 1966, kiumbe chenye uwezo wa kujigeuza kinamtokea Uhura kwa sura ya mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili, naye anamjibu. Katika kipindi kingine cha 1967 kumbukumbu zake zinafutwa, na anapofunzwa upya kusoma Kiingereza, hasira zinamtoka kwa Kiswahili. Matamshi si ya mtu aliyelelewa Mombasa wala Unguja, na mtazamaji wa huku hutabasamu. Lakini angalia kazi ya lugha hiyo katika usawiri. Ni lugha ya moyo wake, inayotoka pale kila kitu kingine kimeondolewa. Utayarishaji ni dhaifu, wazo ni thabiti.

Katika Return of the Jedi ya 1983, mhusika Nien Nunb, kiumbe wa sayari nyingine aliye rubani msaidizi, alipewa sauti na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, ambaye alitumia Kikuyu na Kikalenjin. Kwa mtazamaji wa Chicago sauti ile ni lugha ya kigeni iliyokamilika, yenye lafudhi na mwendo, kwa kuwa hakika ni lugha kamili. Utayarishaji ni bora. Kwa mtazamaji wa Nyeri, mambo ni kinyume. Kiumbe wa mbali ghafla anasema kama jirani sokoni, na ukumbi mzima huangua kicheko. Kicheko hicho kina raha, na wapo wanaojivunia kusikia lugha ya nyumbani katika filamu kubwa namna ile. Pia kina swali: kwa nini lugha ya watu ikatumiwa kama sauti ya wasio watu?

Funzo la kihakiki ni hili. Uhalisia haumo katika kazi peke yake. Umo kati ya kazi na hadhira yake. Sauti ile ile ilijenga usadikifu kwa hadhira moja na kuubomoa kwa nyingine. Mtahiniwa anayeandika "kazi hii ni halisi" bila kueleza ni halisi kwa nani na kwa kanuni zipi hajajibu swali.

Waandalizi wa baadaye walilielewa tatizo hili. Kwa filamu ya Star Trek ya 1984, mwanaisimu Marc Okrand aliwaundia Waklingon lugha yenye sarufi yake. Katika The Expanse, riwaya za James S. A. Corey zilizoanza kutolewa mwaka wa 2011 na kugeuzwa vipindi vya televisheni kati ya 2015 na 2022, wafanyakazi wa migodi ya angani wanasema lugha mseto iliyochanganya lugha za mababu zao, kwa jinsi ambayo msemaji wa Sheng ataielewa mara moja. Hujieleza pia kwa ishara kubwa za mikono, kwa sababu mtu aliyevaa vazi la angani hawezi kuonekana akitikisa kichwa. Hapa mandhari yameumba lugha. Sayansi, kanuni za ndani na ubinadamu vimekutana mahali pamoja, na chanzo chake ni kufikiri, si fedha.

Tujifunze nini?

Faida ya mjadala huu kwa fasihi yetu iko wazi. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi anamrusha Dzombo kwa chombo hadi ulimwengu mwingine. Mwanafunzi aliyezoea Star Wars atauliza injini ya chombo hicho iko wapi. Tumrudishe kwenye jina lenyewe: wale ni sisi. Mkangi hakumwahidi msomaji injini. Alimwahidi kioo. Filamu fupi ya Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu nayo, ya dakika zipatazo 20, inatujengea ulimwengu usio na maji kwa tendo dogo tu: jasho la mtu linakusanywa, linasafishwa na kunywewa. Baada ya kuona hivyo, hakuna anayehitaji kuelezwa kiu.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Fanani wa ngano hana taa wala kompyuta. Ana sauti na mikono. Lakini anaposema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", mkataba umetiwa sahihi: tangu hapo wanyama watasema na mazimwi yatameza vijiji. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mwanafunzi wangu. Zimwi ni halali kwa sababu tumelikubali mlangoni. Lakini likishasemwa kwamba linaogopa moto, haliwezi kuota moto ukurasa unaofuata.

Hitimisho

Kabla kijana yule hajamaliza kidato cha nne nilimwomba daftari lake la zamani. Niliisoma insha ile tena, safari hii bila kalamu mkononi. Viumbe wake walikuwa na huzuni iliyoaminika, maana walikuwa wamempoteza mwenzao na hawakuwa na njia ya kulia. Kisha, katika ukurasa wa mwisho, chombo kilipokuwa kikiondoka, mmoja wao "alicheka kwa sauti kubwa". Kiumbe asiye na kinywa!

Nilimwita nikamwonyesha sentensi ile. Aliitazama kitambo, akacheka, akasema: "Hilo ndilo kosa, mwalimu." Hakulalamika hata kidogo. Kosa la kweli alilitambua papo hapo, na angelitambua tangu kidato cha tatu laiti ningelisoma kwa makini badala ya kuandika maneno mawili yasiyomfunza kitu. Ndugu mwalimu, kabla hatujaandika pambizoni "hakuna uhalisia", tujiulize kwanza: kazi hii imeahidi nini, na ni wapi ilipoivunja ahadi yake?

Maswali ya kutafakari

1. Tofautisha uhalisia kama tapo la fasihi na uhalisia kama sifa ya kazi yoyote ya fasihi.
2. "Ubora wa utayarishaji ni mtumishi wa uhalisia." Jadili kauli hii ukirejelea mchezo wa kuigiza uliowahi kuutazama jukwaani.
3. Chagua ngano moja yenye mhusika zimwi. Taja kanuni tatu ambazo ngano hiyo imejiwekea na ueleze jinsi inavyozitii au kuzivunja.